Utausikia Ubao Kabla Hujaliona Bao

Iwapo Jumapili yako huishia mbele ya televisheni ukiwashangilia vijana wa Uingereza ambao hawajui kwamba upo duniani, leo vaa viatu, waamshe watoto, tufuatane hadi Parklands. Tunakwenda kutazama mchezo wa magongo, au hoki kama wanavyouita wenyewe. Ninayo timu yangu huko, timu ya akina dada. Jina silitaji, kwa sababu mhariri wa ukurasa huu ni shabiki wa mahasimu wetu, na yeye ndiye ashikaye kalamu nyekundu.

Ukiwa katikati ya jiji, panda matatu ya kwenda Ruaka au Banana kwa njia ya Limuru Road, umwambie utingo akushushe City Park. Uwanja uko karibu na msitu wenye jina hilo hilo. Kama umebeba ndizi, zifiche. Tumbili wa pale ni wajuzi wa mifuko kuliko wachopozi wa mjini. Familia ikifika mapema inaweza kuingia kwanza City Park kwenyewe na kuyaona makaburi ya Pio Gama Pinto, mwanasiasa aliyepigwa risasi mwaka 1965, na ya Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais, pamoja na mkewe Sheila. Mwanafunzi wa historia atanufaika. Lakini tusikawie huko.

Jambo la kwanza litakalokushangaza uwanjani ni nafasi. Utaketi popote upendapo. Katika mechi ya kawaida ya ligi, watazamaji ni wachezaji wa timu itakayofuata wakifunga kamba za viatu, akina mama wawili watatu waliokuja kuwaona mabinti zao, na wazee kadhaa wenye vilemba ambao hawajakosa mechi tangu zama za nyasi za kawaida. Mwanzoni upweke huo uliniudhi. Siku hizi naona ndio utamu wenyewe, maana hapa shabiki anasikika. Kwenye kandanda sauti yako ni tone baharini. Hapa ukimwita mchezaji kwa jina, anageuka. Niliwahi kumzomea beki wetu kwa kupokonywa mpira kizembe, naye akanijibu palepale, mchezo ukiendelea: "Shuka basi ucheze wewe!" Tangu siku hiyo napima maneno.

Nakushauri uketi usawa wa moja ya zile nusu duara mbili zilizochorwa mbele ya malango. Bao halihesabiwi mpaka mpira uguswe na gongo la mshambulizi ndani ya mstari huo, ambao uko mita 14.63 kutoka langoni. Hakuna kubahatisha kutoka katikati ya uwanja. Sharti uingie jikoni. Wala hakuna kuotea. Sheria hiyo ilifutwa miaka ya 1990, kwa hivyo mshambulizi ana ruhusa ya kumsubiri kipa mlangoni kama mdai wa kodi ya nyumba. Gongo nalo lina upande mmoja tu wa halali, ule bapa. Mgongo wake ukigusa mpira, kipenga kinalia, na hapo mgeni hubaki akiuliza kosa ni lipi. Kadi ya kijani humtoa mchezaji kwa dakika mbili, ya manjano kwa tano au zaidi, na nyekundu unaijua.

Shida ni mpira wenyewe. Ni mdogo, mgumu kama jiwe, una uzito wa gramu 160 hivi, na husafiri kwa kasi ambayo macho ya mgeni hayaiwezi. Siku yangu ya kwanza nilikuwa nikigeuza shingo kama kuku aliyesikia mwewe. Mzee mmoja mwenye kilemba, aliyekuwa ameketi nyuma yangu na pakiti ya njugu, akanihurumia.

"Kijana," akasema, "acha kuutafuta kwa macho. Sikiliza. Utausikia ubao kabla hujaliona bao."

Hilo ndilo fundisho bora nililowahi kupata mchezoni. Ndani ya kila lango, chini ya nyavu, mna mbao zenye kimo cha sentimita 46. Mpira ukizigonga hulia "ta!", mlio mkavu unaosikika hadi barabarani. Ukigonga ngao za miguu za kipa, ambazo zimejazwa sponji, husikika "pu", kama mto wa kulalia ulioanguka sakafuni. Mlio mmoja unakuinua kitini, mwingine unakukalisha.

Mzee yule hakuishia hapo. Ukimpa nafasi, atakueleza kwamba Kenya ilicheza Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1956 huko Melbourne, na kwamba kule Tokyo mwaka 1964 tulimaliza wa sita duniani. Atamtaja Avtar Singh Sohal, aliyecheza Olimpiki nne mfululizo, kuanzia Roma 1960 hadi Munich 1972. Kisha sauti yake itashuka, nawe utajua tumefika Barcelona. Huko, katika Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1971, Kenya ilifika nusu fainali, ikashindwa na wenyeji Uhispania bao 1-0, halafu ikapoteza nafasi ya tatu kwa India mabao 2-1 baada ya muda wa ziada. Wa nne duniani, msomaji! Ni mchezo gani mwingine wa timu tuliowahi kufikia hapo na bado tukausahau hivi?

Nilipomuuliza kilichotokea baadaye, alinyamaza akitafuna njugu. Wengi wa wachezaji wale walikuwa Wakenya wenye asili ya Kihindi, na miaka hiyo jamaa zao walikuwa wakihamia Uingereza na Canada, familia baada ya familia. Magongo yakaangukia mikono mingine. Ukisoma majina ya wachezaji wa leo, utagundua kwamba wengi walifunzwa katika shule za magharibi mwa nchi: wavulana wa Musingu na St Anthony's Kitale, wasichana wa Tigoi na Misikhu. Uwanja huu tunaoketi uliandaliwa kwa Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, wanaume wetu wakaitwaa dhahabu, na mwaka uliofuata wakaenda Seoul. Hawajarudi Olimpiki tangu hapo.

Sasa nikusimulie Jumapili moja, siku ya mwisho ya ligi, nilipokwenda na binti yangu wa miaka kumi. Timu yetu ilihitaji sare tu ili isishuke daraja. Tulikuwa nyuma, 2-1, robo ya nne ikiyoyoma. Mama watoto alikuwa ameniapisha kwamba mtoto hatashika gongo lolote, kwa kuwa anayapenda meno ya binti yake yakiwa kinywani. Mtoto mwenyewe hakuwa akisikia la mtu. Alikuwa amesimama kwenye uzio akiita majina yote ya jezi zetu.

Zikiwa zimesalia sekunde chache, mguu wa beki wao ukagusa mpira ndani ya nusu duara. Kona fupi! Honi ya kumaliza mechi ikalia, na mgeni mmoja karibu nasi akaanza kukusanya vitu vyake. Nilimvuta mkono. Kona fupi iliyotolewa kabla ya muda kwisha sharti ichezwe mpaka mwisho wake, hata saa ikiwa imekufa.

Walinzi wanne wakavaa barakoa zao na kujipanga kwenye mstari pamoja na kipa. Wenzao wakatimuliwa hadi nusu ya uwanja. Mchezaji wetu akausukuma mpira kutoka mstari wa nyuma, ukatoka nje ya nusu duara kama sheria inavyotaka, mwenzake akautuliza. Nahodha wetu akainua gongo. Katika kona fupi, mkwaju wa kwanza ukipigwa kwa kishindo, sharti uvuke mstari wa goli kwa kimo kisichozidi zile mbao. Kwa hivyo nilijua kwamba anapiga chini, na kwamba likiwa bao, nitasikia. Nilifumba macho, nakiri. Binti yangu akanishika mkono.

"Pu."

Kipa wao alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka, na mpira ukabingirika pembeni bila haraka. Waamuzi wawili wakapuliza vipenga. Jukwaa zima, yaani watu thelathini hivi, likanyamaza, kisha yule mzee wa njugu akaanza kupiga makofi, na sote tukafuata.

Hapa hakuna mlango wa siri wa wachezaji. Walipita mbele yetu wakiwa wamelowa, kinga za ugoko mkononi, na nahodha akasimama kuihesabu mipira kabla ya kuitia guniani, maana ununuzi wa mipira hutoka mifukoni mwao. Ilikuwa kumi na mmoja asubuhi. Sasa ilikuwa kumi. Mmoja ulikuwa umeruka uzio wakati wa kupasha misuli.

"Samahani," nilimwambia, bila kujua naomba radhi kwa lipi.

"Daraja la pili huanza saa mbili asubuhi," alinijibu akifunga gunia. "Usichelewe, tafadhali, na usiache kupiga kelele. Hata ya kututukana."

Nilipogeuka kumwita binti yangu tuondoke, nilimkuta ameinama kwenye vichaka ng'ambo ya uzio, akipekua majani, na tumbili wawili wamekaa tawini wakimtazama.