Matembezi ya Jamaa Katika Kinakomba, Nchi Isiyo na Mlima

Jamaa wakaao Nairobi wakitaka kunyosha miguu siku ya Jumapili, wengi huenda Vilima vya Ngong. Huko wazee, watoto na mbwa hupanda pamoja juu ya migongo ya vilima, ambavyo kilele chake kinapita futi 8,000 juu ya bahari, na wakiisha kufika hutazama mji upande mmoja na Bonde la Ufa upande wa pili. Basi karani aliyezaliwa kando ya Mto Tana, akisimuliwa habari hizo na wenzake, huulizwa: "Na kwenu Kinakomba, ndugu, mnapanda mlima gani?" Aghalabu hucheka, akajibu ya kuwa kwao hakuna mlima hata mmoja.

Jibu hilo ni la kweli, lakini si kweli yote. Kinakomba iko kando ya mto, katika Kaunti ya Tana River, kati ya Hola na Garsen. Mtu apitaye kwa motokaa katika barabara kuu itokayo Garsen kwenda Hola na Garissa haoni ila nyika tambarare yenye miiba, na upande wa mashariki mstari wa miti mikubwa unaoonyesha mahali mto upitapo. Lakini akishuka katika motokaa na kuifuata njia ya miguu mpaka mtoni, ataona ya kuwa nchi hii nayo hupanda na kushuka, ijapokuwa kupanda kwenyewe ni kimo cha mtu mmoja au wawili tu. Na kimo hicho kidogo kimewaokoa watu wengi kuliko mlima mrefu wa kutazamwa kwa mbali.

Matembezi ya kwanza, yawafaayo hata watoto wadogo, ni ya juu ya ukingo wa mto. Yafaa kuondoka alfajiri, kabla jua halijawa kali, katika miezi ya ukavu, njia zikiwa ngumu na maji yakiwa chini. Njia hupita chini ya miembe mikubwa iliyopandwa na mababu wa Wapokomo, na katikati ya migomba, na kila mara mto huonekana kati ya miti, maji yake mekundu kwa udongo. Mitumbwi iliyochongwa kwa gogo moja imefungwa kandoni. Jamaa hukaa kivulini kupumzika, na mama mwenye mtoto mgongoni humbembeleza kwa wimbo. Yafaa kukumbuka hapa ya kuwa sauti ya Wimbo wa Taifa wa Kenya, uliotungwa mwaka 1963, ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Hivyo taifa zima likisimama kuimba, linaimba sauti iliyoanza katika kivuli kama hicho.

Ukingo huu ndio kilima cha Kinakomba, na aliyeujenga ni mto wenyewe. Tana, ulio mrefu kupita mito yote ya Kenya, hupata maji yake katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, nayo huteremka na mchanga na udongo wa nchi za juu. Wakati wa mafuriko maji yakipanda na kuvuka kando zake, mwendo wake hupungua mara moja. Mchanga, ulio mzito, hutua papo hapo karibu na mto. Tope laini huchukuliwa mbali zaidi ndipo likatua. Kwa kuwa mambo hayo yamerudiwa kwa karne nyingi, ukingo umeinuka ukawa juu kuliko nchi iliyo nyuma yake. Kwa hiyo mtu akiupa mto mgongo na kwenda zake mbali na maji, hapandi, bali anashuka. Jambo hili huwashangaza wageni, nalo ndilo somo la kwanza ambalo mzee wa huko humfundisha mjukuu wake kwa miguu.

Mbwa naye hufuatana na jamaa. Mbwa wa kando ya Tana hafugwi kwa ajili ya uzuri. Kazi yake ni kulinda shamba na kuwafukuza nyani na ngedere waharibuo mahindi na ndizi. Njiani hutangulia, na akisimama ghafula na kubweka, wenye busara husimama pia. Lakini mahali pamoja asiachwe huru, napo ni penye maji. Mamba wa Tana ni wengi, na mbwa anayeinama kunywa ni windo rahisi. Afungwe kamba, apewe maji katika chombo juu ya ukingo, na watoto wakatazwe vivyo hivyo kuchezea majini. Kadhalika jamaa wote wawe wamerudi kabla ya magharibi, kwa sababu kiboko hutoka mtoni jioni kwenda malishoni, na anayemzibia njia yake ya kurudi majini huwa hatarini.

Matembezi ya pili huacha ukingo na kushuka nyuma ya kijiji. Mchanga hukoma chini ya nyayo, na badala yake huja udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ukikauka hupasuka na ukilowa hushika miguu. Hapa ndipo mahali pa mpunga, maana udongo huu hushika maji ya mafuriko yakiisha kupita. Mbele kidogo huonekana ziwa jembamba lililopinda kama mwezi mchanga. Ziwa hilo lilikuwa mto zamani. Tana hupenda kupinda, na lile pindo likizidi, siku moja maji hukata njia ya mkato na kuliacha pindo peke yake, likabaki na samaki wake. Asiyeamini ya kuwa mto waweza kuhama na aulize habari za Hola. Mradi wa kilimo cha kumwagilia uliokuwako huko ulikoma mwaka 1989, kwa sababu mto ulihama na kuiacha mashine ya kuvuta maji mbali na mkondo. Mashamba yaliyotegemea maji ya mto yakakauka, hali mto wenyewe ungali ukipita karibu.

Wenye nafasi ya siku nzima waweza kuteremka kwenda kutazama misitu iliyo upande wa Wenje, ambako hifadhi ya wanyama ilitengwa mwaka 1976. Misitu hiyo ni midogo, iliyokatika vipande vipande kando ya mto, lakini ndani yake mna wanyama wawili wasioonekana mahali pengine popote duniani. Mmoja ni mbega mwekundu wa Tana. Wa pili ni kima wa Tana mwenye kishungi kichwani na kope nyeupe, ambaye hutumia muda mwingi chini akitafuta matunda na mbegu. Mtoto aliyemwona ameona kitu ambacho wakubwa wa Ulaya na Marekani husafiri maelfu ya maili kukitazama. Katika matembezi haya mbwa abaki nyumbani, maana kelele zake na maradhi yake ni hatari kwa wanyama wachache waliosalia.

Matembezi ya tatu ndiyo yenye maana kubwa kupita yote, ingawa kwa macho hayapendezi kama hayo mengine. Njia hutoka ukingoni, hushuka penye mpunga, huzunguka ziwa, kisha hupanda taratibu mpaka mahali udongo mweusi unapokoma na mchanga wa nyika unapoanza. Miti mikubwa hubaki nyuma, miiba huchukua mahali pake. Mpando huo ni mdogo hata mtu mwenye baiskeli hausikii. Lakini hapo ndipo ulipo mpaka wa mafuriko makubwa, na mzee husimama hapo na jamaa yake, akageuka kutazama kijiji.

Sababu ni hii. Mto ukijaa, hauvuki ukingo mahali pote pamoja. Hutafuta pengo, au mkondo wa kale, na maji huingia kwa nyuma. Nchi ya chini iliyo nyuma ya kijiji hujaa kwanza, wakati ukingo penye nyumba ungali mkavu. Mtu aliye nyumbani hutazama mto mbele yake, akaona bado haujafika mlangoni, akasema ya kuwa muda ungaliko. Akigeuka, njia ya kwendea nyikani imekwisha kuwa maji. Katika furiko dogo hana hasara kubwa, maana ukingo humhifadhi kama kisiwa. Katika furiko kubwa ukingo nao huzama, na hapo hana pa kwenda isipokuwa kwa mtumbwi. Na maji ya wakati huo si ya mchezo. Mwezi wa Aprili 2024 mashua iliyokuwa imechukua watu ilipinduka katika mafuriko ya Tana, juu ya mto kati ya Garissa na Madogo, watu wakapoteza maisha yao.

Wazee wa zamani hawakuhitaji kuelezwa haya, maana mto uliwafundisha karibu kila mwaka, mara moja kwa mvua za masika na mara ya pili kwa mvua za vuli. Lakini tangu mwaka 1968 hata 1988 mabwawa matano ya umeme yalijengwa upande wa juu: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Mabwawa hayo huzuia maji mengi, hata mafuriko madogo yaliyorutubisha mpunga yamepungua. Hata hivyo mvua ikizidi na mabwawa yakijaa, maji hufurika juu yake na kuteremka kwa nguvu. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2018 na tena mwaka 2024. Kwa hiyo kijana aweza kukua miaka mingi pasipo kuona furiko kubwa, akajenga nyumba penye udongo mweusi kwa sababu ni karibu na shamba, kisha akashangaa siku moja. Wazee hutaja mwaka 1961, na watu wazima hutaja mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Lakini hadithi haimwonyeshi mtoto njia. Mtoto hujua njia aliyoikanyaga.

Liko jambo jingine ambalo matembezi haya hufundisha. Nchi ya juu ambako mkulima hukimbilia ni nchi ya wafugaji, na Waorma hasa ndio wakaao huko na ng'ombe wao. Nao wakati wa kiangazi, nyika ikikauka, hapana budi waulete mfugo wao mtoni, wakipita njia za mifugo ziendazo mpaka kwenye maji, ambazo huitwa malka. Hivyo kila mmoja ana siku yake ya kumhitaji mwenziwe: mkulima siku ya maji mengi, mfugaji siku ya maji machache. Mwaka 2012 na mwanzo wa mwaka 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika wilaya ya Tana Delta kwa ugomvi uliohusu malisho, mashamba na maji, na jamaa nyingi zilihama makwao. Kwa hiyo jamaa wafikapo penye boma la wafugaji husimama mbali kwanza, mbwa akafungwa kamba asisumbue ndama, wakatoa salamu, wakaulizana habari za mvua, za mifugo na za watoto. Salamu hizo zisidharauliwe. Atakayefika hapo usiku, amelowa, na watoto watatu mikononi, ni afadhali awe mtu ambaye sura yake inajulikana.

Mambo machache yakumbukwe na anayetaka kutembea huko. Mgeni na atake ruhusa kwa wazee wa kijiji kabla ya kupita mashambani, akafuatane na mwenyeji. Achukue maji ya kunywa ya kutosha, avae kofia, wala asikate njia katikati ya mpunga. Na aliye mwenyeji, akirudi likizo kutoka Mombasa au Nairobi, asikae siku zote kivulini akipokea wageni. Awachukue watoto wake waliozaliwa mjini, pamoja na babu yao akiwa na nguvu, akatembee nao mara moja toka ukingoni hata nyikani.

Desturi ya wazee wengine ni kwamba safari ikiisha, jamaa wamekwisha kurudi chini ya mwembe, babu humgeukia mdogo wao na kumwuliza: "Haya, mjukuu wangu, maji yakija, utapita wapi?" Mtoto asiyejua huonyesha mbali na mto, moja kwa moja, penye mpunga. Babu hatamkemea, kesho watakwenda tena. Mtoto aliyeelewa hunyosha kidole kwanza kwenye ukingo, akaufuata mpaka mwisho wa ziwa, kisha akaonyesha nyika, akasema: "Napita kule, babu, na ninaondoka mapema." Hapo mzee huridhika, matembezi yamekwisha, na mbwa ametangulia nyumbani.