Mto Nervión Kabla na Baada ya Chuma
Mto Nervión huingia baharini kupitia Bilbao, jiji la Wabaski kaskazini mwa Uhispania, na sehemu yake ya mwisho ni mkono wa bahari ambamo maji hujaa na kupwa. Kwa zaidi ya miaka 100 kingo zake zilitawaliwa na chuma. Mawe ya madini yalishushwa kutoka vilima vya jirani hadi magatini, yakasafirishwa Uingereza, na meli zikarudi na makaa ya mawe ya kuwashia matanuri ya Barakaldo na Sestao. Mwaka 1902 viwanda vikubwa viliungana kuwa Altos Hornos de Vizcaya. Ndani ya jiji lenyewe, Euskalduna iliunda meli tangu 1900. Waliokulia hapo wanaukumbuka mto wa rangi ya kutu, wenye uvundo, usio na samaki. Lakini uvundo huo ndio uliokuwa mshahara.

Miaka ya 1980 balaa ziliandamana. Agosti 1983 mafuriko yalizamisha mitaa ya mji mkongwe. Mwaka uliofuata wafanyakazi wa Euskalduna walipambana na polisi kwenye daraja la Deusto kupinga kufungwa kwa kiwanda. Mwaka 1988 kilifungwa hata hivyo. Karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye uwezo wa kufanya kazi hakuwa na ajira.

Masimulizi mengi ya kufufuka kwa jiji huanzia kwenye jumba la makumbusho la Guggenheim, ambako kwa kweli ni mwishoni. Mabadiliko yalianza na majitaka. Mpango wa kuusafisha mto ulipitishwa 1979, na kwa miaka mingi mabomba makuu yalilazwa kupeleka uchafu kwenye mtambo wa Galindo, Sestao. Fedha zilizotumika zilipita mbali zile za jumba, ingawa hakuna mtalii anayepiga picha bomba la majitaka. Bandari nayo ilisogezwa kuelekea bahari kuu, magati ya katikati yakabaki matupu.

Ardhi hiyo tupu ilikuwa na wenyewe: reli, bandari, mashirika ya serikali. Mwaka 1992 iliundwa kampuni ya umma, Bilbao Ría 2000, nusu ya hisa zikiwa za upande wa Madrid na nusu za Wabaski, pande ambazo kwa kawaida hazikupikika chungu kimoja. Wenye ardhi waliikabidhi, halmashauri ikabadili matumizi yake, kampuni ikauza baadhi ya viwanja kwa wajenzi, na faida ikatumika kuondoa reli ukingoni na kutengeneza bustani na njia za miguu.

Metro iliyosanifiwa na Norman Foster ilifunguliwa 1995. Guggenheim ya Frank Gehry, iliyovikwa mabati ya titani na kugharamiwa na serikali ya Wabaski, ilifuata Oktoba 1997, na katika mwaka wa kwanza ilipata wageni zaidi ya milioni 1. Si kila kitu kilifaulu. Daraja la miguu la Zubizuri, kazi ya Santiago Calatrava, lilitandikwa vioo katika jiji la mvua nyingi. Watu waliteleza, vioo vikavunjika, mwishowe likatandikwa zulia. Palipokuwa Euskalduna pana ukumbi wa muziki tangu 1999, na kando yake winchi nyekundu ya kiwandani imeachwa imesimama. Inaitwa Carola, jina linalosimuliwa kuwa la mwanamke aliyewafanya mafundi waache kazi kila alipopita.

Mafundi wenyewe hawakuhamia kwenye ajira za makumbusho. Wengi walistaafishwa mapema, na nyumba mpya za ukingoni ziliuzwa kwa bei wasiyoiweza. Tanuri la mwisho la Altos Hornos lilizimwa 1996, na miji ya viwanda kuelekea baharini ilisubiri zaidi kuliko katikati ya Bilbao.

Kazi kubwa ya sasa iko kwenye iliyokuwa rasi ya Zorrotzaurre, kwa mpango wa Zaha Hadid. Mfereji wa Deusto, uliochimbwa katika karne ya 20 na kuachwa bila kutoboka upande mmoja, ulifunguliwa 2018, rasi ikawa kisiwa. Maji ya mafuriko yamepata njia ya pili, nazo nyumba mpya zinajengwa kati ya kuta za viwanda ambazo baadhi zimeamuliwa zisibomolewe.