Farasi wa Chuma na Vizazi Vyake Saba

Ukiingia Kibera kwa upande wa Bwawa la Nairobi utafika Silanga, mtaa ambao jina lake latokana na bwawa hilo hilo, maana silanga ni bwawa. Njia zake nyingi ni nyembamba hata watu wawili waliojitwika mizigo hawapishani ila mmoja ageuze bega. Mkokoteni wa maji hupita kwa kuombewa njia, motokaa haipiti. Hata hivyo, nimefundisha hapo kwa miaka kadhaa, wala sijapata kuona mahali ambapo habari za motokaa zajulikana zaidi. Mwanafunzi anayesahau mwaka wa Mkutano wa Berlin hasahau mwaka ambao motokaa fulani ya Marekani ilibadilishiwa taa.

Motokaa yenyewe ni Mustang ya kampuni ya Ford. Wameiona katika sinema, katika michezo ya simu, na ubavuni mwa matatu, ilikochorwa na mafundi wa rangi ikitoa moshi na cheche. Wako wajuzi wasemao kuwa Mustang si motokaa ya mbio kwa maana kamili, kwa kuwa ina viti vinne. Ugomvi huo nawaachia wenyewe. Mapenzi ya vijana hawa kwa chombo wasichoweza hata kukifikisha mlangoni kwao huitwa upuuzi na watu wengine. Mimi siyaiti hivyo. Kitu kilichotengenezwa na watu kwa miaka zaidi ya 60 mfululizo, kwa jina lile lile, kina nasaba yake, na nasaba hiyo husomeka kama ya ukoo wowote. Twende basi tuisome, na katika kila kizazi tuulize swali moja: motokaa hii ilitengenezwa kwa ajili ya nani?

Kwanza tuelewane juu ya neno kizazi. Karibu kila mwaka kiwanda hubadili kitu kidogo: rangi, kioo, nakshi ya mbele. Hayo ni mavazi tu. Kizazi hubadilika pale motokaa inapoundwa upya, mara nyingi pamoja na mifupa yake, yaani sakafu na fremu inayobeba injini, magurudumu na watu. Kwa hesabu hiyo Mustang imekuwa na vizazi saba.

Kizazi cha kwanza kilionyeshwa hadharani tarehe 17 Aprili 1964, katika Maonyesho ya Dunia mjini New York. Watoto wengi waliozaliwa Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili walikuwa wakiingia umri wa kushika usukani, nao hawakutaka motokaa za baba zao. Lee Iacocca, mmoja wa wakuu wa Ford, aliliona jambo hilo. Lakini kampuni haikumwaga fedha kuunda kitu kipya chote. Ilichukua mifupa ya Falcon, motokaa ya kawaida ya kupeleka watoto shule na mama sokoni, ikaivisha umbo jipya: boneti ndefu, mkia mfupi, na nembo ya farasi mwitu anayekimbia. Bei ilianzia dola 2,368. Siku ya kwanza pekee watu wapatao 22,000 walitoa oda, na kabla ya miaka miwili kutimia Mustang ya milioni moja ilikuwa imetoka kiwandani. Huko Ujerumani jina lilikuwa tayari ni mali ya kampuni nyingine, basi kwa miaka mingi farasi huyo aliuzwa huko kwa jina kavu la T-5. Kumbe hata farasi huhitaji hati ya kusafiria!

Utaniuliza, je, huku kwetu mwaka huo kulikuwa na nini? Kulikuwa na jambo ambalo wanafunzi wangu hulipenda sana. Mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953, yalikuwa yakifanywa kila Pasaka katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, katika msimu wa mvua, wakati ambapo vumbi la asubuhi laweza kuwa tope la magoti jioni. Mwaka 1963 ni motokaa 7 tu zilizofika mwisho. Basi Pasaka ya 1964, wiki chache kabla ya Mustang kuonyeshwa New York, Wamarekani walileta huku kikosi cha Mercury Comet. Comet ilikuwa jamaa ya Mustang kwa damu, kwa maana nayo ilitoka katika ubavu wa Falcon. Zilikuwa na injini kubwa za silinda 8, na fedha nyingi nyuma yake. Nyingi hazikufika mwisho. Aliyeshinda ni Peter Hughes, pamoja na mwenziwe Bill Young, katika Ford Cortina GT, motokaa ndogo ya Kiingereza yenye injini ya lita moja na nusu. Angalia vizuri: mshindi na mshindwa walikuwa wa kampuni ya Ford. Mmoja alizoea barabara pana zilizonyooka za nchi yake. Mwingine alikuwa mwepesi, na tope halikupata kitu kizito cha kushika.

Ukidhani kuwa hapo ndipo farasi alipohukumiwa milele, ngoja kwanza. Mwaka 2003 yalianzishwa mashindano ya Safari ya magari ya kale, na mwaka 2009 yalishindwa na Ian Duncan, Mkenya, akiendesha Ford Mustang. Huyu ni yule yule aliyeshinda Safari yenyewe mwaka 1994 kwa Toyota Celica. Mustang yake haikuwa ile iliyotoka dukani. Motokaa ya Safari huinuliwa juu ya springi ndefu, hukingwa tumbo kwa bamba la chuma, na viungo vyake huimarishwa. Kwa hiyo mifupa ile ya Falcon haikuwa mibaya. Ilikuwa inangoja fundi aliyeijua barabara ya huku. Jambo hilo lilichukua miaka 45 tangu kushindwa kwa Comet, na naona lingefaa kujulikana zaidi kuliko lilivyo.

Turudi katika ukoo wenyewe. Kizazi cha kwanza kilinenepa. Kila baada ya miaka miwili hivi kilirefushwa, kikapanuliwa, kikatiwa injini kubwa zaidi, mpaka kufikia lita 7. Ilipofika mwaka 1971 motokaa iliyoundwa kuwa nyepesi kwa vijana ilikuwa kubwa kama zile za baba zao walizozikimbia. Hapo wanunuzi walikuwa wakipungua. Ndipo likaja jambo la 1973. Mwezi Oktoba nchi za Kiarabu zenye mafuta zilizuia mafuta yasiende Marekani, na bei ya pipa moja, iliyokuwa kama dola 3, ikapanda mpaka karibu dola 12 mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Sisi huku tuliupata moto huo huo, maana mafuta tulinunua katika soko lile lile, na nauli haimwulizi mtu kama vita ni vyake.

Kizazi cha pili kilikuwa kimetolewa mwezi mmoja tu kabla ya hapo. Kiliitwa Mustang II, kilijengwa kwa vipande vingi vya motokaa ndogo iitwayo Pinto, na katika mwaka wake wa kwanza hakikupewa injini ya silinda 8 hata kwa fedha. Wapenzi wa Mustang hukicheka kizazi hiki mpaka leo, na wanafunzi wangu, ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa wakati huo, wamerithi kicheko bila kukichunguza. Mimi nasimama upande wake. Katika mwaka ambao Wamarekani walipanga foleni kununua petroli, Mustang II iliuzwa zaidi ya 380,000. Mtoto wa ukoo aliyekubali kuvaa nguo za mtumba ili nyumba isiuzwe hastahili kuchekwa na ndugu zake waliokuja kula baadaye.

Kizazi cha tatu, cha 1979, kiliishi hadi 1993, na habari yake iliyo kubwa ni ya mauti iliyoikosa. Katika miaka ya 80 kampuni ilipanga kuweka mahali pake motokaa mpya iliyoundwa pamoja na Mazda ya Japani, ambayo injini yake ilizungusha magurudumu ya mbele badala ya yale ya nyuma. Habari zikavuja. Wenye Mustang wakaandika barua, wakaandika tena, mpaka wakubwa wakaogopa. Ile motokaa mpya ilitoka mwaka 1988 kwa jina la Probe, ambalo leo wachache hulikumbuka. Mustang ikabaki Mustang. Nawaambia wanafunzi wanaolalamika juu ya somo la kuandika barua rasmi wafikiri habari hiyo. Kizazi cha nne kilikuja 1994, hakihitaji maneno mengi. Cha tano, cha 2005, kilimgeukia babu: wachoraji walirudisha uso wa miaka ya 60, pamoja na taa tatu tatu za nyuma zilizosimama wima, na watu wazima wakanunua ujana wao kwa mkopo.

Sasa sikiliza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari hii. Katika vizazi vyote vitano, kwa miaka 50, usukani wa Mustang ulitoka kiwandani ukiwa upande wa kushoto. Marekani huendesha upande wa kulia wa barabara, hivyo dereva hukaa kushoto. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha upande wa kushoto, kwa desturi iliyoletwa na Waingereza, na dereva wetu hukaa kulia. Majirani zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi hufuata upande wa kulia. Si suala la mazoea tu. Jaribu kufikiri kuwa u nyuma ya lori katika barabara ya Nakuru, nawe umekaa upande wa ukingo wa barabara: ili uone kama njia i wazi, itakubidi uitoe motokaa nusu nzima mbele ya basi lijalo. Ndiyo maana sheria ya Kenya haikubali kusajili motokaa yenye usukani wa kushoto, isipokuwa chache za kazi maalumu.

Kuhamisha usukani si kung'oa gurudumu na kulipachika kwingine. Mhimili wake hupita kando ya injini, na huenda pale upande wa pili pana bomba la moshi. Pedali zahama, dashibodi yafumuliwa, hata vifuta mvua vyahitaji kufagia kwa upande mwingine. Kazi hiyo ilifanywa na karakana za nchi nyingine, hasa Australia, kwa gharama kubwa. Kiwanda chenyewe hakikuona sababu, maana hakikuwa kikitufikiria. Ni kizazi cha sita, cha 2015, ndicho cha kwanza kilichochorwa tangu mwanzo kiwe na pande zote mbili, kikauzwa Uingereza, Australia na Afrika Kusini kikiwa na usukani wa kulia. Basi kijana wa Silanga aliyekuwa akiwaza kuendesha Mustang mpya katika barabara ya Ngong kabla ya hapo aliwaza jambo lisilowezekana, hata angekuwa na fedha zote za benki.

Wala mlango uliofunguliwa haukufunguliwa wote. Kenya haipokei motokaa iliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo zile za kwanza za usukani wa kulia, ambazo sasa zingepungua bei, zimekwisha kupitwa na wakati. Na injini ya lita 5 hutozwa ushuru ambao mwalimu huusoma mara mbili, akidhani macho yamemdanganya.

Wadogo zao wa shule ya msingi hawana taabu hiyo. Wao huunda Mustang kwa waya, magurudumu ya vizibo vya chupa, na usukani wake ni waya mrefu unaotoka nyuma, katikati kabisa, ili mwendeshaji akimbie huku amesimama. Nimeona mmoja mwenye taa tatu tatu nyuma, zimekatwa kwa mkebe mwekundu, na vipimo vyake havikuwa vya kubahatisha.

Kizazi cha saba kilionyeshwa Detroit mwezi Septemba 2022. Kina skrini pana mbele ya dereva, na bado kinakunywa petroli. Lakini tangu mwisho wa 2020 kampuni inauza pia motokaa ya umeme, ya milango minne ya abiria, yenye nembo ile ile ya farasi, iitwayo Mustang Mach-E. Je, nayo ni ya ukoo? Niliwaachia wanafunzi wa kidato cha tatu waujadili mjadala huo kipindi kizima. Wavulana wengi walikataa kwa ukali. Walisema farasi asiyelia si farasi. Ndipo msichana mmoja akasimama akasema kuwa petroli huletwa kwa meli kutoka nchi za mbali, lakini umeme wachemka chini ya ardhi hapa hapa Olkaria. Na kama usukani ulihama baada ya miaka 50, ni kitu gani katika injini kinachoizuia nayo isihame? Wakaanza kumjibu wote kwa pamoja. Kengele ikalia, wakatoka wakiendelea kubishana, nami nikawasikia mpaka walipofika kwenye njia nyembamba, ambako iliwabidi wapite mmoja mmoja.