Saa Saba Usiku, Mlima Kenya

Leo sina programu ya kuwafunza wala simu mpya ya kuichambua. Nina faili moja tu ya sauti, dakika 2 na sekunde 51. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko wimbo wowote ninaoupenda, na bado sijui kile kishindo kilichomo kilitoka wapi.

Mnaonijua ana kwa ana mmeshaisikia hadithi yangu ya Mlima Kenya. Nimeisimulia kazini, nimeisimulia harusini, na siku moja nilimsimulia abiria wa matatu ambaye hata hakuniuliza. Naomba leo niirekebishe.

Ilikuwa Februari 2019. Tulikuwa watatu: mimi, binamu yangu ambaye ni mdogo wangu kwa miaka minne, na kiongozi wetu, mzee mmoja wa upande wa Nanyuki aliyeanza kupanda mlima huo kabla mimi sijajua kuandika jina langu. Tulipita njia ya Sirimon. Usiku wa kwanza tulilala Old Moses, mita 3,300. Siku ya pili badala ya kufuata umati tulikata kuelekea Liki North, karibu mita 4,000, mahali pa watu wachache. Kuna kibanda kikuukuu, kijito, zile lobelia kubwa zinazofanana na vitu vya sayari nyingine, basi. Tulipiga hema mbili, moja yetu na moja ya mzee, hatua kama kumi kati yake.

Jioni, tukinywa chai, binamu yangu akaleta habari za Dyatlov. Mnakumbuka mwezi huo waendesha mashtaka wa Urusi walikuwa wametangaza kufungua upya uchunguzi wa wale vijana tisa waliokufa katika milima ya Ural Februari 1959. Waliokuwa wakiwatafuta walikuta hema limepasuliwa kwa kisu kutoka ndani, na miili imetapakaa chini ya mteremko, wengine hawana viatu. Sita waliuawa na baridi, watatu na majeraha. Mimi nilicheka. Nikasema mtu mwenye akili zake hawezi kuacha hema na viatu akakimbilia theluji usiku. Mzee hakucheka. Alimwaga chai iliyobaki, akaenda kulala.

Niliamka nikitafuta pumzi. Hilo si la ajabu: urefu ule kanda ya hewa ni nyepesi, msukumo wake ni kama asilimia 60 tu ya ule wa Mombasa, na ukilala pumzi huenda kwa mawimbi. Unapumua kwa nguvu, unanyamaza sekunde kadhaa, kisha unashtuka kana kwamba mtu amekuziba pua. Saa ya simu ilionyesha 1:40, yaani saa saba na dakika 40 usiku.

Ndipo nikasikia. Vishindo vitatu. Si vya sauti kubwa, bali vizito, nikavihisi mgongoni kupitia godoro kabla ya kuvisikia masikioni. Kimya. Kisha vitatu tena. Halafu hema upande wa miguu likabonyea ndani, kama mtu ameliegemea.

Kwa miaka minne hadithi yangu iliendelea hivi: binamu yangu alipandwa na hofu, akasema anasikia mtu akimwita, akaanza kufungua zipu ili ateremke hadi Old Moses gizani, bila viatu. Mimi nikamkamata mkono wa koti, nikamtuliza, nikawasha programu ya kurekodi kama mtaalamu. Baadaye mzee akapaza sauti kutoka hema lake, tukalala. Watu hupenda hapo.

Asubuhi tulikagua. Chupa ya maji ilikuwa imeganda. Kigingi kimoja cha upande wa miguu kilikuwa kimechomoka, na hilo niliweza kulieleza papo hapo: udongo wa kule juu una maji, usiku yanaganda na kuota kama sindano za barafu, sindano zinainua udongo na chochote kilichochomekwa ndani yake. Kigingi kimelegea, upepo kidogo, hema likabonyea. Kasoro ya kwanza imefungwa.

Vishindo vilibaki. Pimbi wapo kule, lakini pimbi hupiga kelele, hatikisi ardhi. Nyati? Pofu? Ardhi ilikuwa ngumu kama saruji, hakuna alama ya kwato, wala kinyesi, wala jani lililovunjika. Jiwe lililopasuliwa na baridi hupasuka mara moja. Halihesabu tatu, likapumzika, likahesabu tatu tena. Nilimwuliza mzee kama naye alisikia. Alisema, "Nilisikia." Nikamwuliza ni nini. Akasema tukunje hema, jua litatukuta njiani.

Ile faili haikufunguka. Simu ilikuwa imelala kwenye mfuko wa ukuta wa hema na ilizima katikati ya kurekodi ikiwa na asilimia 41. Betri za lithiamu zikipatwa na baridi ukinzani wake wa ndani hupanda, volteji inaanguka ghafla, simu inadhani chaji imekwisha. Na aina ile ya faili, wale mnaoandika programu mnajua ubaya wake: sauti huandikwa kwanza, lakini faharasa inayoieleza programu kila kipande kianzie wapi mara nyingi huandikwa mwisho, unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Simu ikizima kabla ya hapo unabaki na kitabu kisicho na namba za kurasa. Nikaiacha.

Mwaka 2023 nilikuwa nahamisha mafaili ya zamani nikakutana nayo. Sasa nilijua mbinu: unachukua rekodi nzima iliyofanywa na simu ileile, unaazima mpangilio wake, unajenga upya faharasa ya ile iliyoharibika. Ilinichukua Jumamosi nzima na vikombe vingi vya chai. Jioni ikalia.

Sekunde za kwanza ni pumzi tu. Kisha kuna sauti: "Fungua zipu. Fungua! Tutoke, tushuke sasa hivi." Ni sauti yangu.

Halafu binamu yangu, taratibu kabisa: "Kaka, ngoja. Viatu kwanza. Kaka, kaa chini." Zipu inasikika ikivutwa, inasimama. Kuna mkwaruzo mrefu wa nailoni, mkono wa koti ukivutwa. Mzee kwa mbali: "Nani anatoka? Asitoke mtu!" Kisha kishindo kimoja, binamu anasema "hicho," na faili inakatika.

Nilivua spika za masikioni nikakaa. Naukumbuka ule mkono wa koti. Naukumbuka hata ukavu wa kitambaa kwenye vidole vyangu. Kumbe nilikuwa nikijitoa.

Kama kawaida yetu nilikimbilia kwenye hesabu. Nikachora masafa ya kile kishindo: karibu nguvu yake yote iko chini ya mitetemo 100 kwa sekunde, na simu nyingi hukata sauti nzito ili kupunguza kelele za upepo, hivyo nilichonacho ni ncha tu ya kitu. Huwezi kurudisha kilichokatwa. Ndiyo, hata mimi kuchomoa mguu na kugonga sufuria kungeweza kuacha mchoro wa namna ile. Lakini sufuria ilikuwa nje.

Wa Dyatlov wao walipata wataalamu. Januari 2021 Johan Gaume na Alexander Puzrin, kutoka vyuo vya Uswisi, walitoa hesabu zinazoonyesha kwamba bamba dogo la theluji lingeweza kuporomoka juu ya lile hema saa kadhaa baada ya vijana kukata mteremko ili kulipiga. Gaume alikuwa ameenda hadi Hollywood kuwauliza waliotengeneza theluji ya filamu ya Frozen jinsi walivyoiandikia msimbo. Wenyewe walisema hawajamaliza fumbo lote. Mimi sikuwa na theluji hata ya kusingizia.

Nilimtumia binamu yangu ile faili kwa WhatsApp bila maneno. Alama mbili za buluu zikatokea, kimya siku mbili. Kisha akapiga.

"Kwa hivyo umeifungua," akasema.

Nikamwuliza kwa nini hakunisahihisha miaka yote hiyo, hata siku ile harusini alipokaa meza moja nami watu wakimcheka.

"Ulikuwa ukiisimulia vizuri, Kaka. Nikaona nikuache." Akanyamaza kidogo. "Lakini hicho kishindo, umekisikia?"

Nikasema nimekisikia.

Tunarudi Liki North msimu ujao wa kiangazi, mzee amekubali. Nimenunua kinasa sauti chenye maikrofoni inayoshika sauti nzito. Betri za akiba zitalala ndani ya mfuko wa kulalia pamoja nami. Na binamu yangu ameshasema yeye ndiye atakayelala upande wa zipu.