Wanawake Wawili wa Musinzira

Mwaka 1995 wanawake wawili wa mtaa wetu wa Musinzira, hapa Gitega, walikatwa ziwa na daktari mmoja katika wodi moja, wakipishana wiki chache tu. Mmoja alikuwa mama yangu mdogo, mwenye miaka 34 na watoto wanne. Wa pili alikuwa jirani yetu, mjane muuza vitenge aliyekwisha pita miaka 60, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi. Mimi nilikuwa nesi kijana katika wodi hiyo. Wote wawili niliwafunga bendeji, na wote wawili nilikaa nao mtaani baada ya kutoka hospitali. Nayaandika haya kwa sababu walioyashuhudia wanazidi kupungua.

Kila mtu alijua nani angetangulia. Bibi aliuficha uvimbe wake muda mrefu chini ya kitenge, na alipokubali kuja ulikuwa mkubwa, na tezi za kwapani zimekwisha vimba. Wa Mama Mdogo ulikuwa mdogo, aliugusa mwenyewe akinyonyesha, na kwapani hapakuwa na kitu. Siku zile daktari wetu alitabiri kwa kutazama ukubwa wa uvimbe, tezi, umri, na kama ugonjwa umefika kwenye mapafu, ini au mifupa. Kwa hesabu hiyo Mama Mdogo alikuwa wa kupona na Bibi alikuwa wa kuombewa. Ikawa kinyume.

Mara nyingi nyama iliyokatwa ilizikwa tu. Safari ile daktari aliitia katika chupa mbili za formalini, akamkabidhi mtu aliyekuwa akishuka Bujumbura. Vita vilikuwa vimeanza baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, na magari ya kupitia Muramvya na Bugarama yalikwenda kwa msafara, askari mbele na nyuma. Kutoka Bujumbura chupa zikapelekwa Ubelgiji. Jibu lilirudi baada ya miezi, kwa Kifaransa. Jina la ugonjwa lilikuwa lile lile kwa wote wawili. Tofauti ilikuwa mstari mmoja: kansa ya Bibi ilikuwa na vipokezi vya homoni, ya Mama Mdogo haikuwa navyo.

Vipokezi ni protini zilizo ndani ya seli, ambazo hunasa homoni ya estrojeni inayopita kwenye damu. Kansa yenye vipokezi hukua kwa kuitegemea homoni hiyo. Dawa iitwayo tamoksifeni hukaa mahali pa estrojeni kwenye kipokezi, na kansa ikakosa chakula. Ni kidonge cha kumeza nyumbani, na kilikuwapo tangu miaka ya 1970. Basi Bibi aliandikiwa tamoksifeni kwa miaka mitano. Mama Mdogo alihitaji dawa za kemikali za kutundikiwa, na hizo kwetu hazikupatikana.

Vidonge vya Bibi vililetwa na binamu yangu wa Muyinga, mfanyabiashara aliyevuka mpaka wa Kobero kwenda Ngara na Mwanza. Tarehe 31 Julai 1996, baada ya Meja Pierre Buyoya kutwaa madaraka, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo ambavyo vilidumu hadi Januari 1999. Bei zilipanda na magari yakapungua. Hata hivyo binamu hakuacha kuvileta, wakati mwingine pakiti moja tu ndani ya mfuko wa unga.

Mama Mdogo aliona hayo yote. Siku moja akamwambia daktari mbele yangu, "Dokta, Bibi anapewa vidonge, mimi napewa maneno."

Daktari akamjibu, "Mama, vile vidonge vinafunga mlango. Kansa yako haina mlango huo."

Hakumwamini. Miaka ile kila tofauti ilitafutiwa sababu: kabila, dini, nani anamjua nani. Bibi mwenyewe hakuridhika. Nilimkuta jioni moja akikata vidonge vyake katikati kwa wembe. "Huyu ni mwanangu," akasema. "Siwezi kumeza dawa anayoililia mwenzangu." Wakagawana nusu kwa nusu mpaka akiba ikaisha. Mama Mdogo hakupata nafuu yoyote. Ugonjwa uliingia mapafuni, na mwaka 1997 tulimzika.

Bibi akabaki mzima. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Watu walisema mzee hawezi kupona na kijana akafa, isipokuwa mzee amempa kijana maradhi yake. Walikumbuka kwamba Bibi alimpelekea Mama Mdogo kitenge alipojifungua mtoto wa mwisho. Walikumbuka na vile vidonge: amemlisha nini? Wateja wakakimbia kibanda chake, na mjomba wangu akaenda kwa mpiga ramli. Wakati ule tetesi iliweza kuchoma nyumba, na hilo si neno la mafumbo.

Familia ilipokaa kikao, nilikwenda na karatasi mbili za Ubelgiji nikazisoma. Mjomba akasema karatasi ya Wazungu haiwajui wachawi wa Musinzira. Aliyemaliza ubishi ni mama yangu. Alimkumbusha kaka yake kwamba mama yao mzazi alikufa Muyinga kwa kidonda cha ziwa, kabla ya Uhuru wa 1962, naye hakuwa amefika miaka 40. "Huyo naye alirogwa na nani?" akauliza. "Bibi alikuwa hajaanza hata kuuza vitenge." Mjomba hakuwa na jibu, na Bibi hakuguswa tena. Aliendelea kuuza vitenge mpaka uzee ulipomchukua mwaka 2011.

Mama yangu hakujua kwamba swali lake lilikuwa limeshajibiwa maabara. Mwaka 1990 mwanasayansi Mmarekani, Mary-Claire King, alionyesha kwamba katika familia ambazo wanawake huugua kansa ya ziwa mapema, kuna jeni inayorithiwa iliyo kwenye kromosomu ya 17. Mwaka 1994 jeni hiyo, BRCA1, ikapatikana. Kazi yake ni kusaidia kutengeneza vinasaba vilivyoharibika. Ikirithiwa ikiwa na kasoro, kutoka kwa baba au kwa mama, hatari ya kansa hupanda sana. Kansa za wenye kasoro hiyo huja mapema, na nyingi hazina vipokezi vya homoni wala wingi wa protini ya HER2. Damu ya ukoo wetu haijawahi kupimwa, kwa hiyo sitoi hukumu. Lakini mwaka 2014 binti mkubwa wa Mama Mdogo naye alipata uvimbe, akiwa na miaka 33.

Huyu hatukumngojea. Tulipita Kayanza, tukavuka Akanyaru, tukafika Kigali, kisha tukapanda milima hadi Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ambako kituo cha kansa kilifunguliwa mwaka 2012. Nyama yake ilipimwa: vipokezi havipo, HER2 haipo. Ilikuwa karatasi ya mama yake imeandikwa upya, ila safari hii dawa za kemikali zilikuwapo. Alitundikiwa, akakatwa, na leo yu hai, ana wajukuu.

Tangu kifo cha Mama Mdogo sayansi imekwenda mbali. Mwaka 2002 watafiti wa Amsterdam walionyesha kwamba jeni 70 za uvimbe, zikisomwa pamoja, zinaweza kutabiri nani kansa yake itasambaa. Kipimo kingine, cha jeni 21, kilijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 10,000, na matokeo ya mwaka 2018 yakaonyesha kwamba wengi wenye kansa kama ya Bibi, ikiwa haijafika kwenye tezi, hawahitaji dawa za kemikali kabisa. Lakini kipimo hicho kinagharimu maelfu ya dola, na hakina maana kwa mtu ambaye nyama yake imezikwa bila kupimwa hata vipokezi.

Nimesikia hata wauguzi wakisema kansa ya Mwafrika haina vipokezi, kwa hiyo kupima ni kupoteza fedha. Si kweli. Mapitio ya tafiti za Afrika yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wana vipokezi. Tena nyama iliyochelewa kutiwa formalini huweza kuonekana haina vipokezi kumbe inavyo. Kila asiyepimwa vizuri huenda ni Bibi mwingine anayenyimwa kidonge cha bei nafuu.

Kwa hiyo, mama au dada unayesoma haya, ukikatwa uvimbe usiondoke hospitali kabla hujauliza nyama imepelekwa wapi na jibu litarudi lini. Likirudi, uliza uvimbe una vipokezi au hauna, na HER2 inasemaje. Ikiwa mama, shangazi au bibi yako aliugua kabla ya miaka 50, mwambie daktari, hata kama hakukuuliza. Karatasi hiyo itunze pamoja na cheti cha kuzaliwa cha binti yako, kwa maana ni yeye atakayeihitaji.