Karatasi ya Usiku wa Tatu

Mwaka 2006 niliandika barua ambayo hadi leo naionea haya. Wakati huo nilikuwa mtunza kompyuta wa chuo kimoja cha bara, nami nilikuwa na kijana mmoja wa mkataba chini yangu. Chuo kilikuwa na seva moja tu, iliyoendeshwa kwa Linux, nayo ndiyo iliyobeba maksi za wanafunzi na hesabu za ada. Kuanzia mwezi wa pili seva ile ikaingiwa na ugonjwa nisioujua. Mara moja au mbili kwa juma, asubuhi, kijana alinijia mlangoni: "Shikamoo mzee. Nimeikuta imeganda tena, ikabidi niizime na kuiwasha." Yeye hufika kazini mapema, mimi hufika baadaye. Kwa hiyo kila mara niliikuta mashine nzima.

Nikafungua faili la kumbukumbu, ambamo mashine huandika yaliyoipata. Lilikwenda vizuri hadi usiku wa manane, kisha kimya. Mstari uliofuata ulikuwa wa asubuhi, mashine ikiwashwa upya. Nikajiambia kwamba mashine inayoumwa hulalamika kwanza, na isiyolalamika imechezewa na mtu. Mwenye ufunguo wa chumba kile usiku alikuwa mmoja, na tetesi zilikuwapo kwamba vijana hutazama filamu humo. Nikamwandikia mkuu wa chuo nikipendekeza mkataba wa kijana usifanywe upya.

Sikujua kwamba mashine ina njia mbili za kulalamika, na kwamba mimi nilikuwa nimetega sikio kwenye moja tu.

Msomaji asiye na habari za mambo haya aniwie radhi kwa maelezo kidogo. Katika kila mfumo endeshi mna sehemu ya ndani kabisa, ambayo mafundi huiita keneli, nami nitaiita kiini. Kiini ndicho kinachogawa kumbukumbu, kinachosema na diski, kinachoamua programu ipi ipate zamu. Programu nyingine zote ni wapangaji wake. Kiini kikiwa na neno la kusema, hakiendi kuliandika kwenye faili. Huliandika kwenye daftari lililo ndani ya kumbukumbu yake, daftari la mduara, ambalo likijaa habari mpya hufuta za zamani. Toka hapo neno hutoka nje kwa njia mbili. Ya kwanza ni mpangaji mmoja ambaye kazi yake ni kuja kulisoma daftari hilo na kulinakili kwenye faili la diski. Njia hiyo ndiyo niliyokuwa naitazama mimi. Ya pili ni konsoli.

Kiendeshi cha konsoli ni programu ndogo iliyomo ndani ya kiini chenyewe, wala si mpangaji. Mambo yake ni machache: jina, namna ya kujiandaa, na namna ya kutoa nje maandishi kiliyopewa. Kiini kinayo orodha ya viendeshi vya namna hii, na kila neno jipya hupitishwa kwa kila kimoja kilichowashwa. Kinachojiandikisha kwa kuchelewa chaweza kusomewa daftari tangu mwanzo, kama mgeni aliyekuta hadithi katikati.

Konsoli iliyo nyepesi kuliko zote katika kompyuta za aina ya PC ni ile skrini ya zamani ya maandishi. Ina mistari 25, kila mstari herufi 80, jumla nafasi 2,000. Kila nafasi ni baiti mbili, moja ya herufi na moja ya rangi. Baiti hizo 4,000 zimekaa mahali pamoja panapojulikana katika kumbukumbu, na kiendeshi kikitaka kuandika A hutia tu namba ya A mahali pake, kadi ya skrini ikaichora. Linus Torvalds mwenyewe, huko Helsinki mwaka 1991, alianzia karibu na hapo. Alitunga programu yenye kazi mbili zinazopokezana, moja ikiandika A kwenye skrini na nyingine B. Akaigeuza kuwa chombo cha kusomea kompyuta ya chuo kikuu kupitia waya wa simu, na kiini kikaota juu yake. Ndiyo kusema Linux ilijua kusema kabla ya kujua kutunza faili.

Lililonishangaza niliposoma mambo haya baadaye ni masharti yanayowekewa kiendeshi hiki. Hakiruhusiwi kuomba kumbukumbu zaidi kikiwa kazini. Hakiruhusiwi kulala kikingoja. Hakitakiwi hata kutegemea kuamshwa na chombo kinachokihudumia. Kwenye lile tundu la pini 9 lililokuwa nyuma ya kompyuta za siku zile, hutia herufi moja kwenye chipu, kisha huuliza: tayari? tayari? tayari? hadi chipu ijibu, ndipo hutia nyingine. Ni ujinga wa makusudi. Kiini kinapofikwa na balaa, kila chombo cha kifahari kimekufa au hakiaminiki, na kinachoweza kusema ni kile tu kisichohitaji msaada wa mtu. Hata adabu huwekwa kando saa hiyo. Siku za kawaida konsoli ina kufuli, na mwenye zamu ndiye anayeandika. Siku ya balaa kiini hujaribu kufuli mara moja, na likiwa limeshikwa na aliyekwisha kufa nalo, huingia bila hodi na kuandika hivyo hivyo, hata kama herufi zitachanganyika.

Haya yote sikuyajua. Aliyenisukuma kuyajua hakuwa fundi wa kompyuta. Alikuwa jirani yangu, mzee mstaafu aliyewahi kutumikia mitambo ya simu na teleksi. Nilikwenda kumsalimu jioni moja, nikamweleza kisa changu kama mtu anayetafuta kuungwa mkono. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Huo mtambo wako una karatasi?"

Nikacheka. Nikamwambia kwamba una kioo, tena cha rangi.

"Kwetu teleksi ikikatika njiani," akasema, "kilichokwisha pigwa kwenye karatasi kimekwisha pigwa. Wewe unataka mgonjwa akueleze alichoumwa, halafu unampa kioo."

Mzee hakujua jinsi alivyokuwa karibu. Katika Linux na ndugu zake, vyombo vya kuandikia hubeba herufi tatu, tty, zilizotokana na jina la mashine za kupiga chapa kwa waya. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza Unix pale Bell Labs mwaka 1969, walikaa mbele ya mashine ya Teletype Model 33, iliyopiga herufi 10 kwa sekunde juu ya karatasi. Konsoli ilikuwa karatasi kabla ya kuwa kioo.

Siku ya pili yake nikatoa stoo printa ya zamani, ile ya sindano inayolia kama cherehani, iliyokuwa na tundu la pini 9. Nikaiunga nyuma ya seva, nikakiambia kiini kwa mstari mmoja wakati wa kuwaka kwamba konsoli yako ni tundu hili, mwendo biti 1,200 kwa sekunde. Hiyo ni herufi 120 kwa sekunde. Nikaiwasha saa 11 kamili jioni. Seva iliyozoea kuwaka upesi ikaanza kukokota, kila mstari ukisubiri kutoka kabla ya mwingine kuja, na karatasi ikisogea kidogo kidogo. Mstari uliojaa, wenye herufi 80, ulikula theluthi mbili za sekunde, na muda wote huo prosesa ilisimama ikiuliza: tayari? tayari?

Si jambo dogo hilo. Kwa miaka 20 hivi wataalamu walihangaika kuifanya Linux iweze kuendesha mitambo isiyovumilia kuchelewa hata kidogo, kama ya viwandani, na kikwazo kikubwa cha mwisho kilikuwa hiki cha kiini kusimama kikisema. Ilibidi konsoli zitungwe upya, zisiizuie mashine siku za kawaida na bado ziweze kupiga kelele siku ya kufa. Ndipo Septemba 2024, Thomas Gleixner akamkabidhi Torvalds ombi la kuiingiza kazi hiyo, mkono kwa mkono, likiwa limechapwa kwenye karatasi. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka jirani yangu.

Usiku wa kwanza printa haikuandika kitu. Usiku wa pili vilevile. Asubuhi ya tatu nilifika kabla ya kijana, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikakuta karatasi imeshuka hadi sakafuni. Kila mstari ulitanguliwa na hesabu ya sekunde tangu mashine ilipowashwa. Wa kwanza ulikuwa 205980. Nikapiga hesabu kwa peni: siku mbili, saa tisa na dakika kumi na tatu. Yaani saa 8 na dakika 13 usiku, muda mfupi baada ya kuanza kazi ya kunakili akiba, ambayo huitesa diski kuliko nyingine zote. Mstari ule ulisema diski imechelewa kujibu. Uliofuata ukasema inajaribiwa tena. Ukafuata mwingine, na mwingine, mpaka kiini kikasema kwamba sehemu fulani haisomeki, na mwisho kwamba mfumo wa mafaili umeacha kuandika.

Ilikuwa inalalamika kila mara. Mpangaji wa kunakili daftari alitaka kuandika malalamiko ya diski kwenye diski ile ile iliyokwisha kufa. Na kioo? Nilikuwa nimeipamba seva kwa madirisha na picha, kwa kuwa zilinifurahisha. Katika Linux ya siku zile, picha zikishika skrini, konsoli ya maandishi hunyamaza. Kijana alipobonyeza kitufe asubuhi, daftari lililokuwa kwenye kumbukumbu likafutika. Hakuwa na la kufanya. Hata amri ya kulisoma ilikuwa kwenye diski.

Nikafungua kasha. Waya bapa wa diski ulikuwa umebanwa na ubavu wa bati, umeliwa hadi shaba inaonekana. Mwezi wa kwanza kasha lile lilifunguliwa mara moja kupangusa vumbi. Nililifungua mimi, nikalifunga mimi, tena kwa haraka, kwa sababu ilikuwa Jumamosi.

Nilimweleza mkuu wa chuo siku ile ile. Akaniambia barua yangu imekwisha fanyiwa kazi na nafasi imekwisha pewa mtu. Kijana alimaliza mwezi wake bila kuniuliza neno, akaenda Mwanza. Ilinichukua majuma mawili kumpigia simu. Nikamweleza habari ya waya, na ya Jumamosi, na ya barua, ambayo nilikuta ameshaijua.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mzee, mstari wa kwanza ulisemaje?"

Nikamsomea. Akaniomba nimsomee wa pili, na wa tatu, hadi karatasi ikaisha. Kisha akaniomba nimtumie hiyo karatasi yenyewe, siyo nakala. Nikaikunja, nikaitia kwenye bahasha, nikampa kondakta wa basi la asubuhi.