Simu inaposema "karibu", inapima nini?

Familia iliyokimbilia Minova ina mgonjwa aliyevunjika mguu, na anatakiwa aonwe na daktari wa mifupa. Kijana wa nyumba anachukua simu na kuuliza hospitali kubwa za karibu. Jibu linakuja mara moja: Goma kwanza, Bukavu baadaye.

Jibu hilo limetoka kwenye orodha. Kila mahali katika orodha pana namba mbili, moja ya kusini au kaskazini mwa ikweta, nyingine ya mashariki au magharibi. Za Goma ni kama 1.68 kusini na 29.22 mashariki. Programu inachukua namba za pale mgonjwa alipo, inapima umbali hadi kila jina, inapanga kuanzia ulio mfupi, halafu inatoa majina machache ya juu.

Majina yakiwa maelfu, kupima yote kunachelewesha. Kwa hiyo inachora kwanza kisanduku kuzunguka mgonjwa. Digrii moja ni karibu kilomita 111, basi kilomita 10 ni kama 0.09 ya digrii. Kilicho nje ya kisanduku kinaachwa, na kilicho ndani kinapimwa vizuri, kwa kuhesabu pia kwamba dunia ni mviringo.

Makosa mengine yanachekesha. Kusini huandikwa kwa alama ya kutoa, na aliyeisahau ameihamisha Goma hadi Ituri, upande wa Mambasa, zaidi ya kilomita 370 kaskazini. Aliyegeuza mpango wa namba hizo mbili ameitupa katika jangwa la Algeria! Hayo yanaonekana upesi kwenye ramani. Kosa la hatari ni lile linalofanana na ukweli.

Kutoka Minova hadi Goma, kwa mstari ulionyooka, hazifiki kilomita 25. Lakini mstari huo unapita juu ya maji ya Kivu. Kwa barabara mtu anazunguka Sake, na safari inakuwa karibu mara mbili. Februari 2024 vita vilikata barabara hiyo, watu na mizigo wakahamia kwenye boti. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ikiwa imejaza kupita kiasi ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, na watu wengi wakafa. Siku zile zote orodha yoyote iliyopima kwa mstari tu ingeendelea kuandika Goma juu. Bukavu, iliyo mbali zaidi, ndiyo iliyokuwa na barabara.

Mpaka nao haumo katika hesabu. Aliye katikati ya Goma, Gisenyi iko karibu naye kuliko Sake, na programu itamtaja daktari wa ng'ambo hata usiku mpaka ukiwa umefungwa.

Kuna namna ya kupima kwa kufuata barabara, kipande kwa kipande. Ni bora zaidi, ila lazima awepo mtu wa kufuta kipande kilichokatika siku hiyohiyo. Vilevile kila jina lingeandikiwa tarehe ya mwisho lilipohakikishwa. Mwanzoni mwa 2025 kambi za pembeni ya Goma kama Bulengo na Kanyaruchinya zilibaki bila watu. Robine ya kambi iliyovunjwa, ikiwa bado imo katika orodha, itamtembeza mama na bidoni zake bure.

Kwa hiyo, msikilizaji, usiombe jina moja. Omba matano, kisha umuulize dereva wa moto au mwenye boti ni lipi linafikika leo. Kama simu haina hakika ya pale ulipo, andika jina la soko, kanisa au njia panda, maana bila setilaiti inaweza kukuweka kilomita kadhaa pembeni.

Na wanaotengeneza orodha hizi wana deni moja kwa waliohama makwao. Namba za pale familia ilipo zinahitajika kwa sekunde chache tu, hadi jibu litoke. Zikihifadhiwa, mwenye kuzipata anajua familia hiyo imejificha wapi. Kabla ya kuruhusu programu kuona ulipo, uliza kama inazifuta. Ukikosa jibu, andika jina la soko tu.